Gari Lisilozimwa kwa Salamu

Januarius alikuwa mwalimu wa fizikia pale Bariadi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na bado alinunua gari lisilo na pistoni. Msiniulize kwa nini. Rafiki yake Marcelo wa Mwanza alimwuzia gari jekundu ambalo ndani ya injini, badala ya pistoni za kupanda na kushuka, kuna vipande viwili vya pembetatu vinavyozunguka. Mtaa mzima ulishafunguliwa boneti ukaoneshwa. Yeye mwenyewe alilipenda gari lile kama mtu anavyompenda mtoto mtundu.

Marcelo alimpa sharti moja tu. Ukiliwasha likiwa baridi, usilizime mpaka mshale wa joto ufike katikati. Ukilizima mapema, petroli inabaki imejaa ndani, inaosha oili yote, na ukipiga starta tena litakoroma tu. Januarius aliitikia ndiyo, ndiyo, kama wanafunzi wake wanavyomwitikia yeye.

Basi ikafika Jumamosi ya safari. Mama yake, Milembe, aliyehamia kwake kutoka Nkololo, alikuwa amekubali, baada ya kuombwa miaka sita, kupelekwa Nyashimo kwa mdogo wake Minza. Ugomvi wao ulikuwa wa msiba. Mama yao alipofariki, basi alilopanda Milembe liliharibika njiani, akafika kaburi limeshafunikwa. Minza ndiye aliyesema wazike, mvua inakuja. Sasa Milembe alikuwa na miaka themanini, na alichomwambia mwanawe kilikuwa kifupi: atajaribu mara moja tu. Safari ikikwama, basi marehemu ameikataa, na jambo hilo lisitajwe tena mbele yake.

Saa mbili asubuhi Januarius aliliwasha gari, akalitoa kibandani na kulisogeza hadi mlangoni, hatua kumi hivi. Mama akatokea na kifurushi chake na kanga mpya. Sasa, katika nyumba ile, mkubwa hasalimiwi juu ya ngurumo. Enzi za baiskeli, baba yake alimfundisha kushuka kwanza. Ilipokuja pikipiki, ilizimwa kwanza. Mkono wa Januarius ukaenda kwenye ufunguo bila kumwuliza mwenye mkono.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama yake kwa Kisukuma, katika ukimya safi.

Salamu ikaenda kwa utaratibu wake wote: mhola, yaani habari, za usingizi, za watoto, za ng'ombe waliobaki Nkololo, za pamba. Ilipokwisha, mama akapanda, akafungwa mkanda. Januarius akapiga starta. Gari likakoroma. Akapiga tena na tena, hadi betri ikaanza kuchoka na harufu ya petroli ikajaa uani. Hapo ndipo sauti ya Marcelo ilipomrudia, na jasho likamtoka.

Mama akafungua mkanda. Alishuka, akakaa kwenye kigoda, akaanza kufungua fundo la kifurushi. Januarius alimjua mama yake vizuri. Kile kifurushi kikifunguliwa leo, Nyashimo imekwisha.

"Mayu, nipe mpaka saa sita," akamsihi. Mama akalitazama jua, akaliacha fundo lilivyo.

Fundi Shigela alikuja na boda boda, akanusa, akauliza kama gari lilizimwa likiwa baridi. Mwalimu akakiri. Alipoeleza kwamba ni kwa ajili ya salamu, Shigela alicheka mpaka akakalia sanduku lake la spana. "Umelilewesha kwa heshima zako, mwalimu," akasema.

Alichomoa fyuzi ya pampu ili petroli nyingine isiingie. Akang'oa gurudumu la mbele la kushoto, akaingiza mkono ubavuni mwa injini, akatoa plagi nne zilizolowa chapachapa. Akazipanga juu ya kipande cha boksi, kila moja kwa nafasi yake, maana hazibadilishani matundu. Januarius akaambiwa apige starta, na petroli ikaruka nje kama ukungu. Kisha Shigela akadondosha oili kidogo katika kila tundu, ili vile vipande vya ndani vipate kubana tena. Plagi zikakaushwa, zikarudishwa, na fyuzi nayo. Trekta la jirani likaletwa liipe betri nguvu.

"Kanyaga mafuta mpaka sakafuni," akasema Shigela, "na usiachie mpaka lishike."

Likakohoa. Likakohoa tena. Kisha likashika, na moshi mweupe ukalifunika banda la kuku lote. Ilikuwa saa tano na nusu. Januarius alifurahi mpaka machozi yakamlenga, akasingizia moshi.

Mama akalikaza fundo, akapanda. Akauliza mbona hawaondoki. Mwanawe, aliyeogopa lisije likazimika njiani kabla ya kupata joto, akamweleza yote, huku mshale ukipanda taratibu, na mwisho yule mama akacheka.

"Kumbe ni adabu yako iliyotukwamisha," akasema. "Marehemu hakuwamo."

Nyashimo walifika salama. Dada wale wakasalimiana, wakala wali na samaki, wakazungumza habari za kila mtu aliye hai. Kaburi hakuna aliyelitaja. Januarius alikula vizuri, ila moyo wake haukutulia.

Asubuhi ikabidi gari lisogezwe, lilikuwa limeziba mlango wa zizi. Alipolisogeza tu, mama mdogo Minza akatoka jikoni na kikombe cha maziwa, akasimama kando ya dirisha akisubiri salamu. Mkono wa Januarius ukaenda kwenye ufunguo, ukasimama hapo hapo. Injini inanguruma, na uso wa mama mdogo umeanza kukunjamana.

"Usizime," akasema Milembe kutoka mlangoni. "Minza, hilo gari likizimwa kabla ya kupata joto haliwaki tena. Lazima lingojwe."

Minza akauliza linangojwa muda gani. Januarius akajibu, kwa aibu, kama dakika kumi.

Minza akaweka kikombe juu ya boneti. Akamgeukia dada yake.

"Siku ile sikukungoja," akasema. "Leo nangoja."

Milembe akashuka kizingiti, akaja akasimama karibu naye, bega kwa bega, wote wawili wakilitazama gari. Mshale ukafika katikati. Januarius aliuona, akaondoa mkono kwenye ufunguo, akaliacha lingurume, dada wale wazidi kungoja pamoja.