Kichwa Kilichoziba Sinema

Kwa miaka kumi na moja Nedumaran alikuwa mtu wa nyuma katika sinema za Kitamil: abiria, mfiwa, mgeni wa harusi asiye na jina. Kisha Ilavenil, binti aliyekuwa akiongoza sinema yake ya kwanza, akampa nafasi ya mpeleka barua mwenye sentensi tatu. Tatu nzima! Nedumaran akatangaza mji wao wote wa Palayamkottai, utadhani kachaguliwa ubunge.

Ijumaa ya onyesho la kwanza alikata tiketi ya kiti cha katikati. Mpeleka barua alipotokea, uzalendo ukamshinda. Akasimama, mikono juu. "Ndiye mimi huyo! Ndiye mimi!"

"Kaa chini, mzee!" watu wakamfokea.

Kesho yake asubuhi shemeji yake Kathiresan akapiga simu kutoka Koyambatur. "Sinema yenu tumeiona kwenye simu, shemeji. Imezagaa mtandaoni. Ila wewe hatukukuona. Sehemu yako ilipofika, punguani mmoja mwenye kipara kasimama, kaziba kila kitu."

Nedumaran akamlaani mwizi aliyerekodi ukumbini, kisha akamlaani mwenye kipara mara mbili zaidi. Akaanza kuitafuta ile nakala.

"Si ulitukataza kufungua sinema za wizi?" mkewe, Poongothai, akauliza.

"Sitazami. Nachunguza."

Wakachunguza pamoja. Kipara kikachomoza, mikono ikapaa, na sauti ikavuma kuliko ya sinema yenyewe. Poongothai akaisogeza simu machoni.

"Baba Selvi, hilo shati la drafti nimelipiga pasi kwa mkono wangu."

Nedumaran akajipapasa kipara. Kifungua kinywa kilimshinda.

Jumapili ukumbini waliingia watu kumi na tisa. Jumanne sinema ikaondolewa. Majirani hawakuona ajabu, si walishaitazama? Polisi nao wakamwita. Inspekta aliirudia ile sehemu mara nne, askari wakaacha mafaili yao wakaja kucheka.

"Mwizi alikaa nyuma yako kabisa," inspekta akasema, akijifuta machozi. "Sura yake unaikumbuka?"

"Afande, sikugeuka. Nilikuwa najitazama."

Akaenda kwa Ilavenil kuomba radhi. Alimkuta akibandua mabango ofisini. Mtu aliyeahidi kugharamia sinema yake ya pili alikuwa ameshajitoa.

"Nisamehe, binti yangu. Mimi mjinga."

"Nikusamehe nini, mzee wangu? Laki mbili wametazama bure. Wewe ulilipa tiketi, tena ukawaharibia wezi nakala yao."

Nedumaran akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alipotulia, akaona Ilavenil amempa mgongo, anakunja bango lilelile kwa mara ya tatu. Akavua viatu, akapanda juu ya kiti na kuanza kubandua la juu ambalo binti asingelifikia.