Jina Lililoandikwa kwa Kusikia

Siku zake za mwisho katika hospitali ya mji wa Toowoomba, mzee Mervyn Quayle alianza kumwita Eva. Alilala macho nusu wazi, midomo imemkauka, na kila akipata nguvu kidogo alisema, "Eva. Eva." Binti yake Glenys, aliyekuwa akishinda kando ya kitanda, alishangaa. Marehemu mama yake aliitwa Shirley. Katika ukoo mzima hapakuwa na Eva hata mmoja, na Glenys alianza kumjenga kichwani mwanamke wa siri, mwenye nywele nzuri, na kumchukia.

Aliyemwondolea mzigo huo ni mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mmoja mcheshi aitwaye Domenico Brusa.

"Binti, mpe baba yako maji."

"Hajaomba maji, mzee."

"Tangu asubuhi anaomba. Eva ni maji. Kule kwetu Piemonte, Italia, vijijini, ndivyo tunavyosema. Mama yangu alikufa hajui neno jingine."

Glenys akamwekea baba yake kikombe mdomoni. Mervyn akanywa, akashusha pumzi, akalala.

"Lakini sisi si Waitaliano," Glenys akasema. "Asili yetu ni Kisiwa cha Man, karibu na Uingereza. Babu alisema hivyo, na baba pia."

Mzee Brusa alicheka mpaka akakohoa. "Kama huyu ni Mwingereza, basi mimi ni Papa. Mgonjwa huomba maji kwa lugha ya mama yake. Jina lenu nani?"

"Quayle. Naandika kwa Q, halafu..."

"Usiniandikie. Litamke."

Glenys akalitamka. Mzee akafumba macho, akaligeuzageuza mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi. "Kweil. Kwelia. Kwalya. Kwetu wako akina Quaglia. Maana yake kware, yule ndege. Wengi walipanda meli wakaja nchi hii, wakaenda Ingham, kaskazini, kukata miwa. Anzia huko, mwanangu, na usiyaamini macho. Makarani waliandika walichosikia, na masikio yao yalikuwa ya Kiingereza."

Mervyn alizikwa wiki iliyofuata. Glenys alikuwa amestaafu uuguzi, nyumba imekuwa kimya, na maneno ya mzee Brusa hayakumtoka. Akaanza kutafuta katika orodha za zamani za abiria wa meli. Mwanzoni alitafuta Quaglia peke yake, wakatoka wengi mno, asijue wake ni yupi. Ndipo alipokumbuka kwamba aliambiwa asiyaamini macho. Akawa anakaa jikoni akilitamka jina kwa sauti, mara kama Mwitaliano, mara kama karani mwenye haraka na joto, kisha anaandika alichosikia: Qualia, Qualya, Qually, Coalia. Jirani yake aliyempitia siku moja alimkuta anasema peke yake, akamuuliza kama anapata usingizi vizuri.

Kwa njia hiyo aliwapata. Giacomo na Giovanni, ndugu wawili, meli moja, kijiji kimoja, foleni moja mbele ya karani. Wa kwanza kaandikwa Quaglia, wa pili Qualia. Babu yake Glenys aliitwa Jack, na kila mtu huko anajua kwamba Giacomo akishakaa sana na Waingereza huwa Jack.

Hakupata habari nyingine ya Giacomo. Lakini Trebonne, nje kidogo ya Ingham, walikuwako akina Qualia mpaka leo. Akapiga simu. Alipokea mwanamke mwenye sauti nzito.

"Jina lako Quayle, unamtafuta Giacomo," yule mama akarudia. "Wewe ni nani wake?"

"Mjukuu wake."

"Njoo," akasema. "Usilale hotelini. Njoo nyumbani."

Ornella Qualia, binti Giovanni, aliishi peke yake katika nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, miwa imeizunguka pande tatu. Alikuwa amepita miaka sabini, mnene, mwenye miguu mibovu na ulimi mzima. Alimshika Glenys mashavu, akamtazama.

"Pua ni yetu. Pole sana. Kaa."

"Asante, mama."

"Mama wa nani? Mimi na baba yako ni watoto wa ndugu wawili. Mimi ni shangazi yako."

Akamimina kahawa nyeusi, akamsogezea sahani ya vitumbua vyembamba vilivyonyunyizwa sukari, akangoja Glenys atafune kwanza. Ndipo alipoanza.

Ulikuwa wakati wa vita, na Italia ilikuwa upande wa adui. Polisi walikuwa wakizunguka mashambani wakichukua wanaume wa Kiitaliano na kuwapeleka kwenye kambi za kizuizini kusini. Asubuhi moja sajini mmoja alifika kwa ndugu hao wawili, waliokaa nyumba moja. Karatasi yake ilisema G. Qualia, basi. Akauliza ni yupi.

"Hata yeye hakujua," Ornella akasema. "Wote wawili wanaanza na G. Na jina lenyewe limekosewa. Babu yako alikuwa anavaa viatu. Mkewe Teresa yuko mlangoni, mimba kubwa, karibu ajifungue. Baba yangu alikuwa kijana, hana mke, hana mtoto. Akasimama. Akasema, ni mimi. Akachukua kofia, akaenda."

Glenys aliweka kikombe chini. "Walikuwa wanamtaka nani?"

"Mpaka leo hakuna ajuaye. Labda alikuwa yeye kweli. Baba alipenda kusema hivyo, ili watu wamwache."

Giovanni alikaa kambini mpaka vita vikageuka. Aliporudi, nyumba ilikuwa na watu wengine. Giacomo alikuwa amemchukua mkewe usiku ule ule, kabla ya uchungu kumshika, wasijulikane walikokwenda. Hofu ilimkimbiza, Ornella alisema, na baadaye aibu ikamzuia kurudi. Giovanni alimtafuta kwa jina la Quaglia, lakini Quaglia hakuwako tena duniani. Alikuwako Jack Quayle, fundi wa matangi ya maji huko Toowoomba, mtu wa Kisiwa cha Man.

"Shangazi," Glenys akasema, "alimkasirikia?"

"Baba? Alisema chakula cha kambini kilikuwa kizuri kuliko cha mama yangu, na mama akamnunia mwezi mzima." Ornella akatikisa kichwa. "Hakutaka kushukuriwa. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kila msimu wa miwa, kazi ikiisha, akishapata glasi moja, aliuliza: hivi Teresa alizaa mvulana au msichana? Alikufa anauliza."

Glenys akafungua mkoba, akatoa picha ya baba yake akiwa kijana, ameshika samaki na anacheka. Akaiweka mezani.

"Mvulana," akasema. "Mervyn John."

Ornella aliisogeza picha karibu na macho. "John," akasema polepole. "Giovanni." Machozi yakamtiririka usoni, wala hakuyafuta. "Kumbe alimpa jina la ndugu yake. Mbwa yule. Alimpa jina lake."

Walikwenda kwenye kaburi la Giovanni jioni, jua limepungua makali. Glenys alikuwa amepanga maneno mengi njiani, lakini alipofika alijikuta anasema moja tu, asante, tena na tena, huku aking'oa magugu pembeni mwa jiwe. Alifikiria miaka themanini ya baba yake, samaki wake, vichekesho vyake vibovu, nyumba aliyomjengea mama, na yeye mwenyewe Glenys na wanawe, wote waliokuja baada ya mtu mmoja kuchukua kofia yake.

"Sasa utabadili jina?" Ornella akauliza wakirudi, akimwegemea mkono.

"Hapana, shangazi. Babu alilichagua mwenyewe. Ila wanangu nitawafundisha kulitamka kama Quaglia."

"Vizuri. Jumapili ndugu zangu wote watakuja kukuona. Watapiga kelele, watakulisha mpaka ushindwe kusimama. Vumilia."

"Nitavumilia."

"Na utafute viatu vya kuchezea muziki," Ornella akasema, akishika kishikio cha ngazi na kuanza kupanda taratibu.