Upepo wa Melkiadi

Risasi ya majambazi ilimkuta Melkiadi akitoka kijiji cha Nyakitonto na baiskeli iliyosheheni ndizi. Iliingia ubavuni ikatokea karibu na kiuno, na mwenyewe, badala ya kulia, akauliza ndizi zake ziko wapi. Ilikuwa mwaka tisini na saba, silaha zimezagaa mpakani, na hospitali ya misheni aliyofikishwa ilishawapokea wengi wa namna yake.

Daktari Evaristi hakuwa mtu wa kukimbilia kisu. Alimpapasa tumbo, akampima mapigo na joto, akaridhika.

"Tumbo laini, homa huna," alisema. "Inaelekea risasi imepita kwenye nyama tu. Hatukupasui. Utakaa bila kula, dripu itakutosha, na mkono wangu huu huu utarudi kukubonyeza mara kwa mara. Ninachosubiri ni utumbo uamke. Ukijamba tu, mwambie nesi."

Melkiadi alifurahi mno. Kisu alikiogopa kuliko risasi, maana risasi angalau haikumpa muda wa kuifikiria.

Lakini jioni ile aliingia mama mkwe. Aline, mkewe, alikuwa amejifungua juzi tu, hivyo mama yake, Immakulata, ndiye aliyekuja kuuguza. Na kwa watu wa huku, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Tangu harusi Melkiadi hakuwahi hata kutafuna mbele yake. Mama huyo alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, kampa mgongo, kitenge kichwani, rozari mkononi, na hakubanduka.

Asubuhi upepo ukaja. Melkiadi akaubana.

Nesi Kuruthumu, mgeni kutoka Tanga asiye na habari na mambo haya, akapaza sauti toka mlangoni. "Baba, umejamba?"

Wodi nzima ikageuka.

"Bado," alijibu Melkiadi, aibu ikimchoma.

Mchana akaulizwa tena, akajibu vile vile. Mtu mzima, baba wa mtoto mchanga, anabana upepo kama mtoto aliye kanisani! Tumbo likaanza kujaa. Daktari alipolibonyeza, furaha yote ikamtoka usoni.

"Hili silipendi. Jua likianza kushuka na hali ni hii, tunapasua. Nesi, waambie waandae chumba cha upasuaji."

Melkiadi alitaka kumwomba mkwewe atoke kidogo, ulimi ukakataa, kwa sababu kumwomba atoke ni kulitaja jambo lenyewe.

"Bikira Maria, mpe upepo," mama akasali kwa sauti. "Mpe upepo mume wa mwanangu." Na kila alivyosali, Melkiadi alizidi kubana, mpaka akaguna kwa maumivu.

Sala ikakatika katikati.

"Mkwe," alisema Immakulata bila kugeuka. "Unao?"

Melkiadi akavuta shuka hadi kidevuni.

"Unao. Mimi ndiye niliyekuzibia."

Melkiadi alitamani dari limwangukie. Immakulata akainuka atoke, lakini machela ilikuwa imeshafika mlangoni na wabebaji wake, njia hakuna. Akasimama akiitazama ile machela. Kisha akarudi, akakaa, akaegemea upande mmoja, akaachia.

Haukuwa upepo wa kificho. Mama mwenye heshima zake, kiongozi wa akina mama wa parokia, na wodi nzima ikasikia.

Melkiadi alipigwa na butwaa, kisha kicheko kikamshika kwa nguvu hadi kidonda kikamuuma. Alipocheka hakuweza tena kubana kitu. Wake ulitoka mrefu, wa kujitosheleza, ukafuatiwa na mwingine. Wabebaji wakaishusha machela chini, maana huwezi kubeba na kucheka kwa pamoja. Kuruthumu akapiga vigelegele. Daktari akaja mbio, akasikiliza utumbo, akabonyeza huku na huku. Tumbo lilikuwa limelegea.

"Irudisheni hiyo machela," alisema, naye akicheka.

Immakulata akageuka, akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu akibaki mjane," alisema, "hiyo heshima nitaipeleka wapi?"

Melkiadi naye akamtazama. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kujua kwamba macho ya Aline ni ya mama yake.