Mkono wa Ofelia

Nohemí hakumzungusha baba yake. Alimwambia pale pale mlangoni, mtoto akiwa amemng'ang'ania sketi, kwamba Jumapili anaweza kuja kula, lakini kwanza yeye amsikilize.

"Unisikilize nini tena?" akauliza don Chencho.

"Hayo unayowaambia watu. Mji mzima wa León umekusikia isipokuwa mimi. Siku ya Mama wanakuleta kiwandani kwetu, si ndiyo? Nitakaa mbele. Nikiridhika, Jumapili utakula kuku wa mchuzi wa mole kwangu na utacheza na Damián. Nisiporidhika, basi."

"Na wewe unaridhika na nini, binti yangu?"

"Utajua mwenyewe," akasema, akafunga mlango. Hakuubamiza, lakini aliufunga.

Don Chencho alirudi nyumbani kwa miguu, moyo ukimdunda kama wa kijana anayekwenda kuposa. Mjukuu ana miaka minne, na babu mtu hajawahi hata kumfuta kamasi! Mlango ule ulikuwa umefungwa tangu Nohemí akiwa msichana wa shule, na usidhani mzee alionewa. Crescencio Arriaga, ndilo jina lake kamili, alikuwa mkata ngozi hodari wa mabuti na mlevi hodari zaidi. Mkewe Ofelia alipolazwa kwa figo, yeye alitoka kwenda kumnunulia machungwa, akapitia baa moja, ya kwanza ikazaa ya pili, na baa ya mwisho ilikuwa mji mwingine kabisa. Aliporudi, maua ya kaburini yalikuwa yameshanyauka. Aliyekaa kitandani kwa mgonjwa mpaka mwisho ni yule msichana, peke yake, na sare zake za shule.

Baada ya hapo ndipo alipojiunga na kundi la walevi waliokata shauri kuacha. Kwenye kundi lile kuna desturi moja: kila mtu hupanda mimbari, huzungumza, na hakuna wa kumkatiza. Hakuna anayeguna wala anayecheka, na hakuna anayepiga makofi. Ukimaliza unashukuriwa, anapanda mwenzako. Mara ya kwanza Chencho alipanda, akataja jina lake, jasho likamtiririka mpaka kwenye soksi, na neno la pili likakataa kutoka. Wale wanaume walimsubiri. Walikaa na kahawa zao, wamemwinamia, wamenyamaza, mpaka akashuka. Juma lililofuata alisema maneno mawili matatu. Kidogo kidogo akafika pagumu, akasema: nilichelewa, mke wangu amezikwa mimi sipo. Walimshukuru, akapanda mwingine. Hiyo ndiyo shule iliyompa sauti, na laiti angeishia hapo.

Lakini alisikiwa na mwalimu Urbina, bwana mmoja mwenye tai za rangi, aliyekuwa akifundisha watu kuhamasisha wenzao kwenye chumba juu ya duka la dawa. Urbina alikijua anachokifundisha, tusimnyime haki yake. Alimfundisha Chencho kuvuta pumzi kwa tumbo na kusimama imara kwa miguu miwili, asipepesuke. Alimwonyesha kuchagua nyuso tatu ukumbini na kuzungumza nazo, kushusha sauti pale watu wanapotegemea aipandishe, na kunyamaza bila woga. Chencho alifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati mpaka jirani akagonga ukuta. Mtu aliyekuwa akitetemeka kuagiza mkate dukani sasa aliweza kusimama mbele ya watu mia na kuwachekesha.

Siku ya kwanza alizungumza na wauza magodoro. Alisema ukweli, kama alivyousema kwenye kundi, na alipofika kwenye maua yaliyonyauka wauza magodoro walikuwa wanatazama simu. Jioni yake Urbina alimnunulia chakula.

"Chencho, kaka yangu, watu wanataka kulia halafu wafurahi. Wewe umewahuzunisha ukawatelekeza njiani. Jifikishe hospitali."

"Lakini sikufika, mwalimu."

"Sasa nani atakwenda kumuuliza marehemu?"

Alipaswa kuipindua meza ile, na sosi zake zote. Hakuipindua. Mara iliyofuata alipohutubia, alifika hospitali akihema, Ofelia akampa mkono na kumwambia, "Nimekusamehe, Chencho, nenda ukawaamshe wengine," akakata roho huku amemshika. Watu walisimama wakashangilia. Tangu siku hiyo mkono ule haukutoka tena kwenye hotuba. Aliupeleka mashuleni, viwandani na makanisani, mpaka ikafika mahali akizungumza anavisikia vidole vyenyewe, vikavu na vya moto. Nami nasema hapo ndipo alipopotea hasa, kwa sababu alianza kufarijika.

Kwa hiyo binti yake aliposema atakaa mbele, don Chencho alijua vizuri sana ataridhika na nini. Aliuondoa mkono kwenye hotuba. Kila jioni alisimama mbele ya kioo akasema, "Nilichelewa. Alikuwa ameshazikwa," na sauti ikamkatika, akarudia. Ilipokaribia Siku ya Mama aliweza kuyasema yote bila kukwama. Alipiga pasi shati lake jeupe akiwa anaimba.

Bwalo la kiwanda cha viatu lilikuwa limepambwa kwa mapulizo. Kina mama walikaa na aproni zao, kila mmoja na ua kifuani, na jukwaani zilipangwa blenda za bahati nasibu, zimefungwa utepe. Nohemí alikaa safu ya kwanza, mikono mapajani. Doña Chuy, msimamizi wa washonaji, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akashika maiki.

"Haya, nyamazeni, kuku nyie! Huyu hapa don Chencho, na mzee mwenyewe ni baba yake Nohemí wetu. Atakayesinzia, blenda haipati!"

Alianza vizuri. Aliwatania juu ya waume zao, wakacheka. Akashusha sauti. Akasema juu ya figo, machungwa na baa ya kwanza, wakatulia. Nohemí hakuinua macho, ila mikono yake ilikuwa imekamatana.

"Nikarudi," akasema don Chencho. "Nikarudi, na..."

Hapo keki ikaingia. Vijana wawili walikuwa wameibeba, kubwa, imeandikwa kwa sukari ya waridi, na bwalo zima likageuka. "Uuuwi, hiyo ya safu ya nyuma!" akapiga kelele mmoja. Mwingine akauliza, "Kwani blenda zinachezwa saa ngapi?" Wakacheka. Don Chencho alinyamaza kama alivyofundishwa, lakini ukimya haukufanya kazi yoyote. Jasho likaanza kushuka, jasho lile lile la zamani. Akatafuta uso wa kuzungumza nao. Uliobaki ulikuwa mmoja tu. Nohemí alikuwa amemwinamia, midomo wazi kidogo, hatikisiki. Alikuwa anamsubiri. Angekuwa na akili zake angeukumbuka mwinamo ule wa kundini, maana ndio uliomfundisha kusema. Lakini aliogopa, na mwoga haoni kitu. Yeye aliona binti anayemtazama baba yake akiaibika mbele ya wenzake wa kazini.

"...nikakimbia hospitali," ulimi ukasema.

Baada ya hapo maneno yalijipanga yenyewe. Pumzi ikarudi tumboni, miguu ikashika sakafu. Wabeba keki wakasimama walipo. Ofelia akafumbua macho, akanyoosha mkono, akamwita jina, akamsamehe, na kina mama wakalia mpaka wanja ukawashuka mashavuni. Don Chencho alizungumza na nyuso tatu za safu za kati. Safu ya kwanza hakuiangalia tena.

Hotuba kama hizi huishia kwa watu kuambiwa wafumbe macho na kumkumbatia aliye jirani. Aliwaambia, wakakumbatiana, na katikati ya vilio vile doña Chuy akakumbuka.

"Jamani, na binti si huyu hapa! Nohemí! Panda, mwanangu, umkumbatie mzee wako!"

"Apande! Apande!" wakaitikia, wakimsukuma kwa upendo wote wa Siku ya Mama.

Nohemí akapanda. Alimkumbatia baba yake kwa mikono miwili, barabara, asiwepo wa kutia shaka, na kidevu chake kikakaa juu ya bega la shati jeupe. Chencho alisikia harufu ya gundi ya viatu kwenye nywele zake. Hakuwa amezishika nywele zile tangu alipokuwa akizisuka siku za Jumapili, kabla mambo hayajaharibika.

"Mkono wake nilikuwa nao mimi," Nohemí akamwambia sikioni. "Mpaka ukapoa. Alikuwa ananiuliza kama umefika, nami nikamwambia uko kwenye ngazi, unapanda."

"Mwanangu..."

"Ulikuwa unakaribia kusema. Nilikuona. Nilikuwa naomba Mungu hapo chini, sema, sema, sema tu, hata ukikwama, hata wakicheka."

"Niliogopa, Nohemí."

"Najua. Jumapili usije. Wala siku nyingine."

Akambusu shavuni, kwa ajili ya watu, akashuka. Hakurudi kwenye kiti chake. Alipita kati ya kina mama waliokuwa wakimpapasa mgongo na kumbariki, akaufungua mlango wa karakana, akatoka.

"Amekwambia nini, don Chencho?" doña Chuy akapaza sauti, pua imejaa machozi. "Usitufiche! Tuambie na sisi!"

"Tuambie! Tuambie!" likaitikia bwalo.

Wakamsogezea maiki mdomoni. Alikuwa amesimama imara kwa miguu miwili. Pumzi ilikuwepo. Sauti ilikuwepo, nzito, safi, haitetemeki hata kidogo. Pengine haijawahi kumtii namna ile. Akawatazama, nao wakamtazama, wamenyamaza kabisa.

"Amesema," akawaambia, "Jumapili nikale mole kwake. Nikacheze na mjukuu."

Bwalo zima likasimama. Walipiga makofi mpaka mapulizo mawili matatu yakapasuka, na don Chencho akabaki pale jukwaani kati ya blenda, akilia machozi ya kweli, na hakuna hata mmoja aliyeona tofauti.