Namba Imepanda

Mashine ya maabara ilikuwa imetoa namba mbili kwa damu ya mtu mmoja, ya asubuhi na ya adhuhuri, na ya adhuhuri ilikuwa mara tatu ya ile ya kwanza. Mpimaji akairudia, akiomba mashine iwe mbovu, jambo ambalo hakuwahi kuliomba kwa miaka tisa ya kazi. Mashine ilikuwa nzima. Damu ilikuwa ya kaka yake, dereva wa lori aliyeletwa jana akihema, damu imemganda mapafuni. Na kipimo chenyewe kilikuwa cha kuonyesha jinsi moyo unavyoumia kwa kusukuma damu mahali palipoziba.

Akampelekea daktari karatasi. Kwenye benchi la korido alikaa mama yao, mwalimu mstaafu wa hesabu.

"Namba ya mwenzio ikoje?"

"Majibu hutoka kwa daktari, mama."

"Daktari sikumzaa mimi. Imepanda au imeshuka?"

"Imepanda."

Uso wa mama ukachanua. "Nilijua. Huyu hata shuleni alianza vibaya, halafu akapanda."

Miaka thelathini na mitano alikuwa amesahihisha madaftari, na katika miaka yote hiyo namba iliyopanda haikuwahi kumliza mzazi. Mpimaji hakumweleza kwamba hii ikipanda ni hatari; akamwacha aende wodini na furaha yake. Angependa kuiita huruma, lakini ulikuwa woga mtupu, na aliuona.

Alipomfuata wodini, daktari alikuwa ndiyo kwanza anatoka. Kaka alikwisha kuambiwa.

"Umepanda, baba," mama alisema, akimshika mwanawe mkono.

Kaka akamtazama mdogo wake juu ya bega la mama. Mpimaji akainamisha kichwa. Kaka akasogeza barakoa ya oksijeni.

"Si nilikuambia, mama? Nenda kampigie mama mdogo, asikae na wasiwasi."

Mama akatoka, simu tayari sikioni.

"Akijua, atatuchukia," mpimaji alisema.

"Atakuchukia wewe. Mimi nitakuwa na udhuru." Kaka alijaribu kucheka, akaishia kukohoa.

Damu ya tatu ilikuwa inatakiwa. Mpimaji akamfunga mpira mkononi, akatafuta mshipa, asiuone kwa machozi. Kutoka dirishani sauti ya mama iliingia, ikimwambia mdogo wake awaambie wote waache kulia.

"Choma," kaka alisema, "kabla hajarudi."