Beji ya Dalali Mwaminifu

“Hebu nipigie,” Mjomba alisema, “nione kama bado inalia.”

Katibu alikuwa hata hajakaa. Alitoa simu kwenye pochi, akabonyeza. Simu ya Mjomba, iliyowekwa katikati ya meza, mahali ambapo zamani palikaa daftari la wateja, ikaanza kulia na kutetemeka. Mjomba hakuigusa. Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza yenyewe, ameinamisha kichwa kama mtu anayepimwa masikio.

“Basi si mbovu,” alisema. “Fundi simu aliniambia si mbovu, nikadhani ananifukuza tu.”

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa kinyozi. Ukutani palikuwa na ubao wenye misumari ishirini ya kutundikia funguo za nyumba alizokabidhiwa azitafutie wapangaji. Siku hizi misumari mitatu tu ndiyo iliyokuwa na kazi. Mingine Mjomba alikuwa ameitundikia kofia, mwavuli na kamba ya viatu, ubao usionekane umefiwa.

“Mwenye chumba alikuja asubuhi,” alisema. “Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nisimseme vibaya, amenivumilia sana. Wewe je? Simu zako zinalia?”

“Kiasi, Mjomba.”

“Mungu mkubwa. Wewe ukila, na mimi nimekula.”

Katibu aliangalia sakafu. Tangu asubuhi alikuwa amepigiwa na watu kumi na mmoja, na wanne walitaka nyumba ya geti la buluu. Hiyo ilikuwa nyumba aliyokabidhiwa Mjomba. Funguo zake zilikuwa pale pale ubaoni, jirani na kofia. Nyingine zilikuwa ndani ya pochi ya Katibu, kwa sababu mwenye nyumba alichoka kusubiri, akatengeneza za pili akampa yeye.

Mjomba huyu hakuwa mjomba wa kuitana tu mtaani. Alizaliwa tumbo moja na mama yake Katibu, na ndiye aliyemfundisha kazi. Alimfundisha kufungua madirisha nusu saa kabla ya mteja kufika, na kutaja kasoro ya nyumba mapema, kwa sababu mteja akiigundua mwenyewe atatafuta na nyingine mia. Chama cha madalali wadogo kilipoanzishwa, wanachama arobaini na mmoja, ni Mjomba aliyesimama akasema mpwa wake awe katibu. Jina la cheo likamganda hadi likameza lake la kuzaliwa.

Ndiyo maana kampuni ilimjia yeye. Ilikuwa na tovuti kubwa ya nyumba za mji mzima, lakini wakati huo ukitafuta nyumba mtandaoni uliletewa kwanza madalali wa mtaa wenyewe, kila mmoja na kitovuti chake cha kurasa nne. Kampuni ilikuwa chini huko, ukurasa wa tatu, ambako hafiki mtu ila aliyepotea. Afisa wake, mwanamke wa sauti laini asiyekatiza mtu neno, alikuja kwenye kikao cha chama akiwa na zawadi. Zawadi ilikuwa beji ya kijani ya kuwekwa kwenye tovuti ya kila dalali, yenye maneno “Dalali Mwaminifu”. Mteja akiibonyeza, anapelekwa kwenye ukurasa wa kampuni kuthibitisha. Bure kabisa.

Madalali, ambao tangu dunia iumbwe wameitwa matapeli, waliipenda beji ile kuliko watoto wao. Wengine waliiweka mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Katibu alizunguka na fundi wa tovuti, ofisi kwa ofisi, wiki mbili, mpaka wote arobaini na mmoja wakaipata. Mjomba ndiye alikuwa wa mwisho.

“Mimi ninaaminika bila kitambulisho,” alisema siku ile.

“Weka kwa ajili yangu, Mjomba.”

Akaweka. Chini ya picha ya kila nyumba yake fundi akaongeza na maneno “Tazama nyumba nyingine mtaa huu”, nayo yakawa yanampeleka mteja kule kule kwa kampuni.

Mwezi wa pili baada ya hapo, mwanamume mmoja alimpigia Katibu. “Nimeandika jina la yule mzee wa jirani na kinyozi,” alisema, “nikaletewa ukurasa wa kampuni wenye picha za nyumba zake na namba hii. Ndiyo ofisini kwake?”

Katibu alielewa hapo hapo. Kampuni ilikuwa imepanda juu ya Mjomba hata kwa jina la Mjomba mwenyewe, ikachukua picha zake, na simu ikazielekeza kwake Katibu kama shukrani ya kuzunguka wiki mbili. Alikuwa na muda wa pumzi moja.

“Ndiyo,” alisema. “Karibu.”

Neno lile alikuwa amelirudia kwa mwaka mzima. Ada ya shule ya wanawe ilitoka humo, na dawa za mama yake, dada wa Mjomba. Alijiambia mara nyingi kwamba damu ni moja na tonge linazunguka humo humo ndani. Hakuwahi kuyaamini maneno yake mwenyewe.

Kutoka kwa Mjomba alikwenda moja kwa moja kampuni. Ghorofa ya sita kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, na afisa alimpokea kwa mikono miwili.

“Nataka beji ya mjomba wangu iondolewe.”

“Itaondolewa leo, dada. Ila ukurasa wake kwetu utaandikwa ‘Dalali hajathibitishwa’. Ni utaratibu tu, si mimi.”

“Basi mfute na huo ukurasa wake.”

“Tukimfuta, wenye nyumba watauliza nyumba zao zimekwenda wapi.” Afisa alimsogezea kiti. “Nikueleze ukweli, kwa kuwa wewe ni mtu wetu. Mtandao hauwezi kwenda kukagua nyumba. Unahesabu tu nani anaelekezwa na wengi. Nyinyi arobaini na mmoja mlisimama kila mmoja mlangoni kwake, mkamwambia kila mpita njia, nendeni kule. Mtandao ukawasikia. Akiondoa mmoja, wamebaki arobaini.”

“Hamkutuambia.”

“Mlituuliza?” Hakusema kwa kejeli. Alionekana kweli kutaka kujua. “Halafu wewe binafsi, dada, umepungukiwa nini?”

Afisa alifungua droo akamtolea fomu.

“Wazee kama mjomba wako hatuwatupi. Tunahitaji wasindikizaji, watu wa kufungua nyumba na kumwonyesha mteja vyumba. Analipwa kwa safari. Ajaze, umletee.”

Katibu aliikunja fomu akaitia kwenye pochi, juu ya funguo za geti la buluu.

Kesho yake mchana alimkuta Mjomba akipanga mafaili kwenye maboksi. Alimwomba aketi, naye akabaki amesimama.

“Mjomba, ile beji ndiyo iliyotumaliza. Kila tovuti iliyoiweka ilikuwa inaipandisha kampuni na kujizika yenyewe. Na mimi ndiye niliyeileta hapa.”

Mjomba alibonyeza kifuniko cha boksi mpaka kikafunga.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema, akacheka kidogo. “Na nguo yenyewe niliivaa kwa hiari. Ulijua?”

Hapa ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mwezi wa pili, yule mwanamume, ile pumzi moja. Katibu alifungua mdomo.

“Sikujua,” alisema.

“Basi usijitese, mwanangu. Mtu halaumiwi kwa asilolijua. Ningekuwa na mtoto wa kumzaa, asingenijali hivi.”

Alimpiga-piga mkono. Katibu aliona aibu, akaona na nafuu pia, na ile nafuu ndiyo iliyomtisha. Ili asitazamwe zaidi, alitoa fomu.

Mjomba aliisoma yote kwa miwani, mbele na nyuma, kama alivyosoma mikataba ya wapangaji. Hakukasirika. Aliuliza kama safari ya kwenda na kurudi inahesabiwa moja au mbili. Kisha akamsukumia kalamu.

“Andika wewe, mkono wangu unatetemeka. Nao watadhani ni mlevi.”

Katibu akaandika. Jina. Umri. Afya njema, ndiyo. Miaka ya uzoefu, chagua: hana, mwaka mmoja mpaka miwili, mitatu mpaka mitano.

“Mimi nina thelathini na mmoja,” Mjomba alisema.

“Hakuna, Mjomba.”

“Basi weka hana. Nisije nikaonekana mjuaji, wakaniogopa.”

Akaweka alama. Mitaa anayoifahamu. Zilitolewa nafasi mbili, Mjomba akataja kumi na nne, Katibu akaandika miwili ya mwanzo. Je, unakubali kutompa mteja namba yako ya simu? Mjomba aliisogeza simu yake pembeni, akakubali.

Likabaki swali moja, chini kabisa, juu ya mstari wa sahihi. Nani aliyekuleta kwetu?

Kalamu ilisimama.

“Mbona hilo ndilo rahisi kuliko yote?” Mjomba alisema. Alivua miwani, akatabasamu, akamwekea kidole kwenye nafasi iliyo wazi. “Andika jina lako, mama. Lile la kuzaliwa, nililokupa mimi. Andika kwa herufi kubwa wasije wakakosea.”

Akaandika, kwa herufi kubwa, huku Mjomba akimsomea herufi moja moja.