Alama ya Namba Hamsini na Nane

“F,” alisema Baba, akaitikisa ile chupa ya dawa nyeupe ya viatu kama mtu anayetikisa dawa ya kikohozi. “Namba hamsini na nane, F. Kuna mwenye neno?”

Hakuna aliyekuwa na neno. Mjomba Virgil alikuwa na kijiko mdomoni. Mama alikuwa anakata mikate ya mdalasini juu ya meza ya kukunja, wala hakuinua uso. Mimi nilikuwa nalo neno, tena kubwa, lakini nililimeza, maana namba hamsini na nane mwenyewe alikuwa amesimama ubavuni kwangu, nywele bado mbichi kwa maji ya bafu, bakuli la maharage ya Baba mkononi, akiyapuliza yapoe.

Baba akaandika kwenye kioo cha nyuma cha gari letu: 58, halafu F. Aliiandika kubwa, akapitisha brashi mara ya pili ili ikolee.

Zamani hiyo. Nimekisimulia kisa hiki mezani mara nyingi, na kila mara Baba hunikatiza ili anisahihishe, kwa hiyo leo nakiandika akiwa amesinzia kwenye kiti chake mbele ya televisheni, soksi moja imemvuka. Akiamka nimekwisha maliza. Na aseme atakalo.

Mji wetu ni Tilden Falls, kule Iowa, na vuli ikiingia hakuna anayefunga ndoa wala kuzika siku ya Jumamosi kama anaweza kuepuka. Jumamosi ni ya Korongo, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo chetu. Toka asubuhi watu huegesha magari kwenye uwanja wa majani nyuma ya jukwaa la kaskazini, wakasimamisha mahema, wakawasha majiko. Jioni, timu ikifungwa, wengine hukunja vyao wakaenda kununia nyumbani. Sisi tulikuwa tunabaki. Baba alikuwa anapasha moto sufuria ya maharage na nyama ya kusaga, yale yenye pilipili ya kukutoa machozi, Mama anatoa mikate ya mdalasini ya kulia hayo maharage, na kikao kinaanza.

Kikao kilikuwa na sheria zake. Aliyekula anatoa alama. Kila safu ya timu inapewa yake, kuanzia washambuliaji hadi kocha, na Baba anaiandika kwenye kioo cha nyuma ili mji mzima uisome. Alama ikishaandikwa haifutwi mpaka Jumamosi nyingine. Wiki nzima Baba alikuwa anakwenda nalo hivyo hivyo gari lile kazini, kwenye ghala la nafaka, na watu walikuwa wanamsimamisha kituo cha mafuta wabishane naye. A haikuwahi kutolewa. B ilikuwa ya kupigiwa vigelegele.

Na jambo jingine: Baba hakujifunza jina la mchezaji hata mmoja. “Majina waachie mama zao,” alikuwa anasema. “Mimi namba zinanitosha.” Angeweza kukueleza jinsi namba kumi na moja anavyochechemea akichoka, au namba sabini anavyoegemea kushoto kabla hajaanza kukimbia. Lakini ungemkutanisha na yeyote kati yao dukani, bila helmeti, angempita kama anavyompita mtu wa posta.

Nami hilo ndilo nililolitegemea.

Orrin Tvedt nilikutana naye maktaba ya chuo, akiwa amelalia kitabu cha kufundishia hesabu, ana plasta katikati ya vidole. Kufikia vuli ile alikuwa amekwisha niuliza kama nitaolewa naye, nami nimekwisha mkubalia, na kilichobaki ni nyumbani. Nikapanga mambo yangu vizuri sana. Nitawaambia namleta kijana mmoja wa chuoni, basi. Timu itashinda. Atakuja kwetu baada ya mchezo, atakula, watampenda, na Baba akiwa katikati ya furaha yake nitasema: Baba, huyu ndiye hamsini na nane. Niliona kabisa kofia ya Baba ikiruka hewani.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angeniuliza: na wakifungwa je? Lakini sisi watu wa Korongo hatupangi hivyo. Wale jamaa wa Missouri, wapinzani wetu wa siku hiyo, walikuwa wametufunga miaka mfululizo, na kila mwaka tulikuwa tunakwenda uwanjani na keki ya ushindi.

Sasa usikie ilivyokuwa. Zimebaki sekunde za kuhesabu kwa vidole, tuko nyuma kwa pointi mbili. Mkwaju mmoja wa karibu, wa pointi tatu, na mchezo ni wetu. Bibi yangu angeupiga na viatu vyake vya kanisani. Kazi ya namba hamsini na nane ni hiyo moja tu: anainama juu ya mpira, anaurusha kinyumenyume katikati ya miguu yake, unamfikia mwenzake aliyepiga goti, naye anausimamisha chini ili mpigaji aupige. Anaifanya mara chache kwa mchezo mzima. Akiifanya vizuri, hakuna anayejua kama yupo.

Mpira ulipita juu ya kichwa cha aliyepiga goti. Ukapita juu ya mpigaji pia, mwenye kimo chake. Ukaenda kudundadunda peke yake kwenye majani, vijana wetu wanaufukuza, na filimbi ikalia wakiwa bado wanaufukuza. Baba alikaa chini. Sijawahi kumwona Baba anakaa chini mchezo haujaisha.

Nilifikiri Orrin hatakuja. Ningemsamehe asingekuja. Lakini alikuja, akipita katikati ya mahema yaliyonuna, mikono mfukoni, nami nikasema kwa sauti nyembamba, “Huyu ndiye yule kijana niliyewaambia.” Nikalitaja jina lake. Baba akapunga mwiko bila kutazama na kusema, “Karibu, kijana, umekuja siku mbaya,” akamjazia bakuli.

Wakaanza. Mjomba Virgil, kaka yake Mama, ndiye aliyefungua kinywa kwanza, kama kawaida yake.

“Washambuliaji wale walikuwa wanatembea uwanjani kama wanatafuta funguo.”

“C,” akasema Baba.

“C ya wapi, shemeji! Umekuwa padri siku hizi? D hiyo.”

“Nimesema C. Walipigana robo ya mwisho. Walinzi B.”

“B kwa walinzi nakubali. Kocha?”

“Kocha D,” akasema Mama. “Na suruali yake pia D.”

Hata mimi nilicheka. Orrin naye alicheka, nikaanza kupumua. Labda itapita, nikajiambia. Ndipo Baba akaitikisa ile chupa.

Akamaliza kuandika, akairudishia kifuniko. “Mpira ulikuwa na maji,” akasema. “Alitakiwa aukaushe kwanza.”

“Maji gani!” Mjomba Virgil akakitoa kijiko mdomoni. “Yule alikuwa anamuwaza demu wake, nakwambia. Unamwona kabisa. Ameinama, kichwa kiko Paris.”

“Virgil!” Mama akamkemea.

“Si nasema ukweli jamani?”

Baba akageuka. “Haya, kijana. Umekula maharage yangu. Sheria ya hapa, aliyekula anatoa alama. Unampa nini hamsini na nane?”

Nikataka ardhi ipasuke. Nilikuwa namjua Baba: akimweka mtu kwenye kundi hamtoi. Kulikuwa na fundi bomba mmoja aliyemkosesha maji siku moja tu, mpaka leo Baba akimwona anavuka barabara. Nikaona Krismasi zangu zote za mbele, Baba upande mmoja wa meza, Orrin upande mwingine, na F katikati. Nikamfinya Orrin kiwikoni ili aseme chochote, aseme C, aseme hakuona.

Orrin akaweka bakuli mezani.

“F,” akasema. “Hapo mmepatia. Ila sababu siyo maji. Mpira ulikuwa mkavu. Mjomba ndiye aliyekaribia.”

“Si nilisema!” Mjomba Virgil akapiga paja lake.

“Kabla ya kuinama, alitazama jukwaani. Kaskazini, safu ya juu. Hatakiwi kutazama, na hajawahi. Leo alitazama kwa sababu alijua mmekaa wote pale, akaanza kuwaza atakavyokuja hapa tukishinda. Alikuwa bado anawaza mpira ulipomtoka.”

Baba akamkazia macho. “Wewe umejuaje alichokuwa anawaza?”

“Ni mimi, mzee.”

Kwenye hema la jirani mtu alikuwa anakunja viti, kila kimoja kinalia. Mjomba Virgil alitazama kijiko chake, akatafuta pa kukiweka, akakosa, akakitia mfuko wa shati pamoja na mchuzi wake. Na Baba, Mungu ambariki, alikuwa anamtazama Orrin usoni, kwa mara ya kwanza tangu afike, namna mtu anavyotazama nyumba aliyoipita kila siku bila kujua kama ina watu ndani.

“Mimi nilijua,” akasema Mama.

“Ulijua!”

“Ana alama ya helmeti kwenye paji la uso, Baba Linnea. Na ile plasta vidoleni. Nikasema ngoja nimwone ni mtu wa namna gani.”

“Ukaniacha niandike?”

“Ungeacha kuandika?” Akachukua kitambaa cha mezani, akakichovya kwenye maji ya moto, akampa. “Haya. Futa hiyo. Mtoto wa watu ni mgeni wetu.”

Baba alikishika kile kitambaa. Kilikuwa kinatoa mvuke mkononi mwake. Alikitazama, akakitazama kioo, nikaona taya lake linavyocheza, na nikajua kuwa akifuta hatamsamehe Orrin kwa kumfanya afute, na asipofuta ndiyo basi. Nilimpenda Baba wakati ule na nilitamani kumrushia sufuria.

“Usiifute, mzee,” akasema Orrin. “Angekuwa mwingine ungemfutia?”

“Nisingemfutia.”

“Basi.” Akachukua bakuli lake. “Naweza kuongezewa? Sijala tangu asubuhi.”

Mama ndiye aliyemwongezea. Baba alikunja hema, akamwaga makaa, akaingia garini. Mjomba Virgil akambana Orrin bega alipokuwa anapita na kumwambia, “Paris ilikuwa utani tu, kijana wangu,” naye akaingia garini kwa Baba.

Mimi nilipanda pikapu ya Orrin. Kutoka uwanjani kuna barabara moja tu, ile ya darajani, na siku ya mchezo foleni yake ni ya kobe. Bahati yetu ikatupanga nyuma kabisa ya gari la Baba. Basi tukaenda hivyo, F ile iko mbele yetu kama taa ya breki. Magari ya pembeni yalikuwa yanapunguza, yanasoma, yanapiga honi ya kukubali. Jamaa mmoja akashusha kioo akapaza sauti, “Sema tena, mzee!”

“Ana mwandiko mzuri,” Orrin akasema.

Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, nikawa sijui ninachokifanya. Nikamuuliza kama atakuja tena kwetu. Akangoja gari la mbele lisogee, akalifuata.

“Nikialikwa,” akasema. “Siwezi kwenda kwa mtu asiyenitaka, Linnea. Hata kwa ajili yako. Ningekuwa nakuharibia nyumbani kwenu.”

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma, kwa sababu niliona ni kweli.

Tulipofika darajani foleni ikasimama kabisa. Mlango wa gari la Baba ukafunguka. Akashuka, katikati ya barabara, na ile chupa mkononi. Nyuma yetu honi zikalipuka. Baba hakugeuka. Alikwenda mpaka kwenye kioo, akasimama na mgongo wake mpana akikiziba chote, na kwa muda hakufanya lolote, kama mtu aliyesahau kilichomleta jikoni. Halafu mkono wake ukacheza kidogo. Sikuona kitambaa.

Kisha akaja kwetu. Orrin akashusha kioo.

“Umesema unaitwa nani?”

“Orrin, mzee.”

“Orrin,” Baba akarudia, polepole, kana kwamba anaonja chumvi. “Kesho baada ya kanisa tunakula kuku. Mama yake Linnea anapika vingi kuliko tunavyomaliza.” Akanitazama mimi, akatazama chini. “Usichelewe. Na usitazame jukwaani.”

“Sawa, mzee.”

Akapiga paa la pikapu mara moja kwa kiganja, akarudi. Gari lake lilipoanza kusogea ndipo tukakiona kioo chote. F ilikuwa pale pale, nene, haijaguswa hata ukingo. Lakini pembeni yake, juu kidogo, dawa ikiwa bado mbichi na inachuruzika, Baba alikuwa ameweka alama ya kujumlisha.

Hakuna shule hata moja duniani inayotoa F+. Magari yote ya nyuma yalikuwa yanatupigia honi, na Orrin hakuliondoa gari mpaka nilipomgusa bega.